Mashine ya Petroli ya Kukata Nyasi: Kuimiliki, Kuitumia na Kuepuka Majeraha Yake

Utangulizi

Mvua za msimu zinapokolea katika Wilaya ya Maswa, mkoani Simiyu, viwanja vya shule, zahanati, nyumba za ibada, ofisi na nyumba za wageni hujaa nyasi kwa muda wa majuma machache tu. Kwa miaka mingi kazi ya kuzipunguza imekuwa ya fyekeo na mikono ya wanafunzi au vibarua. Siku hizi baadhi ya taasisi na watu binafsi hununua mashine ya petroli inayosukumwa na injini yake yenyewe, ambayo mtumiaji huifuata kwa nyuma akiiongoza kwa mpini. Mashine hii hupunguza uchovu, hukata kwa usawa, na humaliza kwa muda mfupi kazi ambayo kwa fyekeo ingechukua siku nzima.

Pamoja na manufaa hayo, mashine hii ina kisu kinachozunguka kwa kasi kubwa sentimita chache kutoka kwenye vidole vya miguu vya mtu. Jeraha lake si sawa na jeraha la panga au jembe. Huvunja mfupa, huchana nyama na kusukuma udongo, majani na kinyesi cha mifugo ndani kabisa ya kidonda. Kwa kibarua anayetegemea miguu yake kulima pamba na kuchunga ng'ombe, jeraha la namna hiyo ni mwanzo wa umaskini wa nyumba nzima.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala hii, msomaji ataweza:
1. kueleza jinsi mashine inavyofanya kazi na mahali hatari yake ilipo;
2. kutambua njia kuu za kuumia na sababu zake;
3. kutaja wajibu wa mmiliki kwa mtu anayeiendesha mashine;
4. kutoa huduma ya kwanza iliyo sahihi kabla ya kumfikisha majeruhi hospitalini.

Mashine yenyewe

Mashine ya kwanza ya kukata nyasi za bustani ilipewa hataza mwaka 1830 nchini Uingereza. Mbunifu wake, Edwin Budding wa Stroud, alipata wazo kutokana na mashine iliyotumika viwandani kusawazisha manyoya ya kitambaa. Mashine yake ilisukumwa kwa nguvu za mwili, na visu vyake vilizunguka kama pipa. Mashine inayozungumziwa hapa ni ya aina nyingine. Kisu chake kimoja kirefu huzunguka kimelala chini ya mfuniko wa chuma au plastiki ngumu, na kwa kawaida injini ile ile huzungusha magurudumu kwa njia ya mkanda na gia.

Kwenye mpini kwa kawaida huwa na vishikio viwili. Cha kwanza ni cha usalama: mtumiaji akikiachia, injini au kisu husimama. Cha pili huunganisha magurudumu na nguvu ya injini. Nchini Marekani, tangu mwaka 1982, sheria imetaka kisu cha mashine ya kufuatwa kwa nyuma kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya kishikio kuachiwa. Mashine zilizotumika, zinazofika sokoni zikiwa zimepita mikononi mwa mafundi kadhaa, zinaweza kuwa zimepoteza uwezo huo.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ukubwa wa hatari. Kisu chenye urefu wa sentimita 53 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake husafiri takribani mita 83 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 300 kwa saa. Kwa kuwa kisu kina ncha mbili, mahali pamoja hupigwa mara 100 katika sekunde moja. Hakuna binadamu awezaye kuuondoa mguu wake kabla ya kisu kurudi.

Ardhi na majira ya Maswa

Mashine hii imetengenezwa kwa ajili ya nyasi fupi kama ukoka, juu ya ardhi iliyosawazishwa. Haikukusudiwa kufungua pori. Nyasi zinazofika magotini hufyekwa kwanza kwa fyekeo au kwa mashine ya kubeba begani, zikasombwa, ndipo mashine ya magurudumu ipite. Anayeiingiza moja kwa moja katika nyasi ndefu huikaba, na mashine iliyokabwa humvuta mtumiaji apeleke mkono mahali pasipostahili mkono.

Aina ya udongo nayo ina uzito wake. Kwenye luseni, yaani udongo wa kichanga, magurudumu hutembea vizuri, ila kisu hurusha changarawe na vumbi. Kwenye mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata, mambo hubadilika kwa majira. Masika magurudumu huzama na kuteleza, na mtumiaji hulazimika kuivuta mashine kuelekea miguuni mwake. Kiangazi udongo huo hupasuka na kuacha nyufa zinazonasa gurudumu ghafla. Kwa sababu hiyo, nyasi zikatwe umande ukiwa umekauka na ardhi ikiwa imara, hata kama kufanya hivyo ni kungoja siku mbili baada ya mvua.

Nyoka pia wakumbukwe. Kifutu, anayepatikana katika maeneo mengi ya Tanzania, kwa kawaida hutulia tuli anapokaribiwa badala ya kukimbia. Mtu anayekagua nyasi kabla ya kukata avae buti na atangulize fimbo ndefu, si mkono.

Njia za kuumia

Mguu. Ajali ya mguu hutokea zaidi kwa namna mbili. Ya kwanza ni kuteleza kwenye mteremko au nyasi mbichi, mguu ukaingia chini ya mfuniko. Ya pili ni kuivuta mashine kinyumenyume. Nguvu ya magurudumu huongeza hatari pale mtumiaji asipojua kuiondoa. Akitembea kilomita 4 kwa saa, mashine husogea zaidi ya mita moja kila sekunde. Mtu aliyeanguka huku kishikio kimefungwa kwa waya hana breki yoyote iliyobaki.

Tabia hiyo ya kufunga kishikio cha usalama kwa waya au mpira ili mkono usichoke ndiyo inayostahili kukemewa kuliko zote. Kishikio kile kimewekwa kwa ajili ya dakika ambayo mtumiaji hataweza kufikiri. Kukifunga ni kuondoa kinga pekee inayofanya kazi bila kuamriwa.

Mkono. Nyasi mbichi zikiziba tundu la kutolea, mtumiaji huinama kuzichomoa. Hata injini ikiwa imezimwa, kisu kilichokazwa na nyasi kinaweza kuruka nusu mzunguko pindi kinapofunguliwa, na nusu mzunguko unatosha kukata vidole. Kanuni ni moja: zima injini, ngoja kisu kisimame, chomoa waya wa plagi, kisha tumia kijiti. Kidole kisitumike.

Vitu vinavyorushwa. Jiwe, kipande cha nondo, msumari, mfupa au kizibo cha soda hugeuka kuwa risasi kikiguswa na kisu. Jicho ndilo hupata hasara kubwa zaidi, na mara nyingi si jicho la anayekata bali la mtoto anayetazama pembeni. Watazamaji wakae angalau mita 20, na watoto wadogo wawe ndani ya nyumba. Kipande kidogo cha chuma kinaweza kupenya jicho na kuacha alama isiyoonekana kwa urahisi. Kila anayehisi amepigwa jichoni wakati wa kazi hii apimwe, hata kama anaona vizuri siku hiyo.

Kelele na mtikisiko. Wataalamu wa afya kazini hukubali kelele ya desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka desibeli 3 muda hupungua kwa nusu. Mashine nyingi za petroli hufika desibeli 90 na zaidi. Kwenye desibeli 91 muda unaokubalika ni saa 2, na kwenye 94 ni saa moja tu. Chembe za kusikia zilizokufa ndani ya sikio hazioti tena. Mlio unaobaki masikioni baada ya kazi ni onyo, na vizibio vya masikio ni nafuu kuliko kifaa cha kusaidia kusikia. Mtikisiko wa mpini nao, kwa anayefanya kazi hii kila siku kwa miaka, unaweza kuleta ganzi na kupauka kwa vidole.

Petroli na moshi

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa; hutambaa chini na unaweza kufikia jiko la mkaa lililo mbali na dumu. Petroli ikimwagikia injini yenye moto huwaka mara moja. Kwa hiyo tangi lijazwe nje, injini ikiwa imepoa, bila sigara wala moto karibu.

Mambo mawili yaliyozoeleka vijijini na mijini yanahitaji kuachwa. La kwanza ni kuhifadhi petroli katika chupa ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi rangi wala harufu, hunywa. La pili ni kuvuta petroli kwa mdomo kwa kutumia mpira. Tone likiingia njia ya hewa husababisha homa ya mapafu ya kikemikali, ambayo inaweza kuua. Tumia dumu maalumu lenye mfuniko, liwekwe juu na lifungiwe, na petroli imiminwe kwa kutumia faneli.

Mashine isiwashwe ndani ya stoo au gereji iliyofungwa. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu, kisha huzimia bila kujua kilichompata.

Wajibu wa mmiliki

Mara nyingi mwenye mashine siye anayeiendesha. Mmiliki ni shule, parokia, hoteli au mtumishi. Mwendeshaji ni kibarua anayelipwa kwa eneo alilomaliza. Malipo ya namna hiyo humsukuma kukata chini ya mvua, kutosimamisha injini anapotoa nyasi, na kuvaa kandambili kwa kuwa buti hazikutolewa. Katika hali hiyo, kulaumu uzembe wake baada ya ajali ni kusahau nani aliyeweka masharti ya kazi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA, inamtaka mwajiri kulinda afya ya mfanyakazi wake, ikiwa ni pamoja na kumpa vifaa vya kinga na mafunzo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 imeanzisha mfuko ambao waajiri huuchangia ili mfanyakazi aliyeumia kazini atibiwe na kufidiwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto, yaani mtu wa chini ya miaka 18, katika kazi ya hatari. Mwanafunzi basi asikabidhiwe mashine hii kama adhabu wala kama zawadi.

Kwa vitendo, mmiliki anunue pamoja na mashine: buti ngumu zenye ncha ya chuma, miwani ya kinga isiyovunjika, vizibio vya masikio na glavu. Suruali ndefu ya kitambaa kizito ikamilishe mavazi. Gharama ya vifaa hivi ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya mashine. Asiyeweza kuvinunua hajaimudu bado mashine.

Hatua za matumizi salama

Kabla ya kuwasha:
1. Tembea uwanja mzima na kuokota mawe, waya, mifupa na chupa.
2. Kagua oili, mkanda, nati ya kisu na mfuniko. Kisu kilichopinda kisitumike.
3. Jaribu kishikio cha usalama: kikiachiwa, kisu kisimame ndani ya sekunde chache. Kisiposimama, mashine iende kwa fundi kabla ya kwenda uwanjani.
4. Hakikisha nguvu ya magurudumu haijaunganishwa unapovuta kamba ya kuwashia.

Wakati wa kukata:
1. Kata kwa kwenda mbele. Kwenye mteremko, pita kwa kuukingama. Usipande wala kushuka.
2. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa nyasi kwa mkupuo mmoja.
3. Zima injini kabla ya kuvuka njia ya changarawe, kuinua mashine au kuzungumza na mtu.
4. Pumzika kivulini na kunywa maji. Joto na uchovu hupunguza uangalifu.

Baada ya kazi:
1. Acha injini ipoe kabla ya kuifunika au kuongeza petroli.
2. Chomoa waya wa plagi kabla ya kusafisha au kunoa kisu.
3. Usiwape ng'ombe nyasi zilizochanganyika na oili, petroli au vipande vya plastiki.

Huduma ya kwanza

Mguu au mkono unaotoka damu. Zima mashine kwanza. Mlaze majeruhi, gandamiza kidonda kwa kitambaa safi bila kuachia, na inua kiungo. Damu ikiendelea kuruka licha ya kugandamizwa, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, kaza kwa kijiti, na andika saa uliyofunga. Usilegeze hadi umfikishe kwa mhudumu wa afya. Usiweke majivu, mafuta ya taa, kinyesi cha ng'ombe wala majani ya aina yoyote.

Kidole kilichokatika. Kioshe kwa upole kwa maji safi, kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha mfuko huo uwekwe ndani ya maji yenye barafu. Barafu isiguse nyama. Upasuaji wa kuunganisha haupatikani katika kila hospitali, lakini hata pale usipowezekana, ngozi ya sehemu hiyo inaweza kufaa kuziba kidonda.

Jicho. Likiwa limeingiwa na petroli, lioshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Likiwa limepigwa na kitu kikali au limechomwa, usilioshe, usiliguse, usichomoe kitu. Lifunike kwa kitako cha kikombe cha plastiki bila kuligandamiza, kisha mpeleke mgonjwa hospitalini.

Petroli iliyomezwa. Usimtapishe mgonjwa na usimpe maziwa. Kukohoa au kupumua kwa shida ni dalili ya hatari.

Jeraha la moto. Lipooze kwa maji yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala asali kabla ya kuonwa na mtaalamu.

Kwa wahudumu wa zahanati kuna neno la ziada. Jeraha la mashine hii huonekana dogo nje na ni chafu ndani. Lisishonwe na kufungwa siku hiyo hiyo. Lioshwe kwa maji mengi safi, lifunikwe, na mgonjwa mwenye mfupa uliovunjika na kuonekana apewe antibayotiki mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja, kisha apelekwe Hospitali ya Wilaya ya Maswa ili tishu zilizokufa ziondolewe katika chumba cha upasuaji. Kutoka hapo, inapohitajika, rufaa huelekea Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu iliyoko Bariadi, au Bugando jijini Mwanza.

Pepopunda isisahauliwe. Watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na wanawake hupata dozi nyingine wakati wa ujauzito. Mwanaume mzima, ambaye ndiye huendesha mashine mara nyingi, anaweza kuwa amepitisha miaka mingi bila dozi yoyote ya nyongeza. Kwa hiyo kila jeraha lenye udongo liambatane na swali la chanjo; na aliye na kidonda kichafu huku historia yake ya chanjo haijulikani apewe chanjo pamoja na dawa ya kingamwili ya pepopunda.

Nyasi na malaria

Wengi hununua mashine kwa imani kwamba uwanja uliokatwa vizuri hauna malaria. Imani hiyo inahitaji kusahihishwa. Mbu aina ya Anofelesi hutaga mayai majini, hasa katika maji yaliyotuama yanayopigwa na jua: mashimo ya tofali, nyayo za ng'ombe, madimbwi ya barabarani. Nyasi fupi hufanya mashimo hayo yaonekane, na husaidia watu kuona nyoka na taka. Lakini nyasi fupi zenyewe haziuzuii ugonjwa. Nyumba iliyotumia fedha kwa petroli ikakosa chandarua chenye dawa imekosea mpangilio wa kinga.

Hitimisho

Mashine ya kukata nyasi ni chombo chema katika mikono iliyofundishwa, juu ya ardhi iliyokaguliwa. Usalama wake hauanzi kwenye hospitali, wala hauanzi kwa kibarua anayevuta kamba ya kuwashia. Huanza siku mmiliki anapopanga bei: je, amehesabu buti, miwani na mafunzo? Mguu mmoja unaookolewa kwa hesabu hiyo huendelea kulima, kuchunga na kulea, na hakuna uwanja uliokatwa vizuri unaoweza kulipa thamani yake.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ni hatari kufunga kishikio cha usalama kwa waya?
2. Eleza tofauti ya huduma ya kwanza kati ya jicho lililoingiwa na petroli na jicho lililochomwa na kipande cha chuma.
3. Kidole kilichokatika kihifadhiwe vipi, na kwa nini barafu isikiguse?
4. Kwa nini mwanaume mzima anaweza kuwa katika hatari kubwa zaidi ya pepopunda kuliko mama wa watoto kadhaa?
5. Taasisi yako ikinunua mashine hii leo, ni vifaa gani vya kinga vinapaswa kununuliwa siku hiyo hiyo?